Maji Yanayogusa Bila Kushika: Maoni Kuhusu Istilahi za Mchemko

Utangulizi

Makala haya yanahusu vitenzi viwili vya Kiswahili, gusa na shika, na tone la maji lililo juu ya chuma cha moto. Huenda msomaji akashangaa kukuta karai la kuchomea korosho katika kurasa ambazo kwa kawaida hujadili ngeli, uambishaji na vina vya mashairi. Namwomba anivumilie. Hoja ninayokusudia kuitetea ni ya kiisimu: kwamba tunapounda istilahi za sayansi tumezoea kuanzia kwenye neno la Kiingereza na kulitafutia kisawe, ilhali mara nyingine jambo lenyewe linalotajwa na neno hilo limekwisha kuonwa, kutofautishwa na kupewa jina na wasemaji wa Kiswahili ambao hawajapata kuulizwa. Mfano nitakaoutumia ni jinsi maji yanavyokutana na uso wenye joto kali mno, na mahali nitakapoutoa ni Nambambo, katika wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo ambalo wanasayansi wenyewe wangali wakilibishania, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ni la kitoto. Pili, niliwahi kulifundisha vibaya, na kosa langu halikuwa la fizikia bali la lugha.

Karai la Nambambo

Anayeijua Kusini anajua kwamba msimu wa korosho ndio mwaka wenyewe. Korosho nyingi huuzwa zikiwa ghafi, lakini katika kila kaya hubaki kiasi cha kubanguliwa nyumbani, na njia ya nyumbani ni moto. Korosho humwagwa katika karai la chuma au bati nene lililowekwa juu ya mafiga, kuni zikachochewa, na mchomaji akazigeuza kwa mti mrefu bila kupumzika. Baada ya muda ganda huanza kutoa mafuta yake, yale mafuta machungu yanayobabua ngozi, na mafuta hayo hushika moto. Ndimi za moto hupanda juu, moshi mweusi huwafukuza watoto na kuku, na kwa dakika moja au mbili mchomaji hana budi kuamua: akichelewa, kiini kinaungua, akiwahi, ganda halivunjiki. Akisharidhika huuzima moto kwa maji na kuzimwaga korosho chini, kwenye mchanga au majivu, zikapoe.

Ni katika kuzima huko ndiko tunakokutana na mada yetu. Mama yangu mkubwa, aliyenifundisha kazi hii nilipokuwa nikienda kwake Nambambo wakati wa likizo, hakumwaga maji yote kwa mara moja. Alinyunyiza kwanza kwa kiganja. Matone yaliyoangukia ukingo mtupu wa karai, pasipokuwa na korosho, hayakutoa sauti ambayo mtoto angeitegemea. Yalijikunja yakawa kama shanga au goroli ndogo, yakateleza huku na huku, yakagongana na kurudi, na yakaishi muda mrefu kuliko ilivyostahili. Chuma kilikuwa cha moto kiasi cha kuuchoma mti wa kugeuzia, na bado tone la maji lilikaa juu yake likicheza.

Nilitaka kumwaga kopo zima. Aliushika mkono wangu. "Bado, mwanangu," alisema. "Hayo yanagusa tu, hayajashika. Yakishika utasikia, na hapo usiwe umeinama." Tulingoja. Moto ukiwa umeondolewa, karai likazidi kupoa. Akanyunyiza tena, na tena. Kisha, bila onyo jingine, maji yaleyale kidogo yaliyokuwa yakicheza kimya yalitandaa ghafla, karai likalia kwa ukali, na wingu la mvuke likaruka hadi usawa wa uso wa mtu mzima. Mara baada ya hapo ukingo wa karai ulikuwa mkavu na mweusi, na chuma kilikuwa kimepoa kuliko kilivyopoa kwa muda wote uliotangulia.

Naomba msomaji aitafakari sentensi ya mama mkubwa. Ndani yake mna mambo matatu: kwamba kuna kukutana kwa maji na chuma ambako si kukutana kamili; kwamba hali hiyo haidumu, bali hugeuka ghafla; na kwamba hatari haiko wakati chuma kina moto zaidi, bali wakati kimeanza kupoa. La tatu ndilo linalokwenda kinyume na akili ya kawaida, na ndilo lililomsumbua kila mtaalamu aliyelichunguza jambo hili.

Kijiko cha Duisburg na waya wa Sendai

Mwaka 1756 daktari wa Kijerumani aitwaye Johann Gottlob Leidenfrost, aliyekuwa profesa katika mji wa Duisburg, alichapisha kitabu kuhusu baadhi ya sifa za maji ya kawaida. Chombo chake kikuu kilikuwa kijiko cha chuma. Alikitia motoni mpaka kikawa chekundu, akadondosha tone la maji, na akaupima uhai wa tone kwa kuhesabu mizunguko ya timazi inayoning'inia. Tone la kwanza lilidumu kama sekunde 30. Kijiko kikiwa kimeanza kupoa, tone la pili lilidumu kama sekunde 10, na yaliyofuata yalitoweka katika sekunde chache tu. Yaani kadiri kijiko kilivyokuwa na moto zaidi ndivyo maji yalivyochelewa kwisha. Ni karai la Nambambo lilelile, ila dogo.

Maelezo yanayokubalika leo ni haya. Chuma kikiwa na joto linalozidi kwa mbali nyuzi 100 za Selsiasi, sehemu ya chini ya tone hugeuka mvuke kabla tone lenyewe halijatua vizuri. Mvuke huo hutandaa chini ya tone na kulibeba, kama jamvi jembamba ambalo unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Sasa, mvuke ni mpitishaji hafifu wa joto. Uwezo wake haufikii hata sehemu moja ya ishirini ya ule wa maji. Kwa hiyo jamvi hilo humlinda mgeni dhidi ya mwenyeji: joto lipo tele chini, lakini njia ya kulifikisha juu imezibwa. Kwa maji juu ya chuma laini hali hii huanzia karibu na nyuzi 200, ingawa kiwango chenyewe hubadilika sana kwa kutegemea ukwaruzo wa chuma, uchafu, masizi na jinsi tone lilivyoanguka.

Aliyelichora jambo zima katika mchoro mmoja ni Mjapani Shiro Nukiyama, mwaka 1934, mjini Sendai. Yeye alipasha moto nyaya nyembamba ndani ya maji kwa umeme na kupima ni joto kiasi gani linalotoka kwenye waya kwenda kwenye maji. Aligundua kwamba joto hilo huongezeka kwanza, viputo vikizidi kuchipuka kwenye uso wa waya, mpaka likafika kilele. Baada ya kilele, waya ukizidi kuwa wa moto, joto linalopita hupungua badala ya kuongezeka, kwa sababu viputo vimeungana na kuwa utando unaoutenga waya na maji. Kwa maji ya kawaida kilele hicho hupatikana uso ukiwa na kiasi cha nyuzi 30 tu juu ya kiwango cha kuchemka. Ndiyo sababu karai lililopoa kidogo huyashambulia maji kwa ukali kuliko karai lililo jekundu. Ndiyo sababu pia mhandisi wa mtambo wa mvuke, iwe ni boila ya kiwanda au mtambo mkubwa kama Kinyerezi II, huogopa utando huo: bomba likifunikwa na mvuke kwa ndani, joto la moto hukosa pa kwenda, na bomba huungua.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya fizikia. Leidenfrost aliandika kwa Kilatini. Nukiyama aliandika kwa Kijapani, katika jarida la wahandisi wa nchi yake. Tafsiri za Kiingereza za kazi zote mbili zilichapishwa mwaka 1966, katika jarida lilelile moja la kimataifa linalohusu upitishaji wa joto: ya kwanza baada ya miaka 210, ya pili baada ya miaka 32. Huwa nawakumbusha jambo hili wale wenzangu wanaoamini kwamba sayansi ilizaliwa ikizungumza Kiingereza na kwamba lugha nyingine zote ni wapokeaji. Katika uwanja huu mdogo angalau, Kiingereza nacho kilikuwa mpokeaji, tena mpokeaji aliyechelewa.

Ni haki kusema kwamba mfano wa Leidenfrost unaweza kugeuzwa dhidi yangu. Kilatini hakikuwa lugha ya mama yake, wala ya mpishi wake. Kilikuwa lugha ya wasomi wa Ulaya, kama Kiingereza kilivyo kwetu. Nalikubali hilo. Ila Nukiyama hageuziki. Aliiandika kazi iliyo msingi wa somo zima katika lugha aliyozungumza na wanafunzi wake, na dunia ililazimika kumfuata huko.

Gusa na shika

Turudi sasa kwenye lugha. Katika Kiswahili cha darasani neno chemka limebebeshwa mzigo wote. Maji ya chai yanachemka, maji yanayocheza juu ya karai yanachemka, maji yanayolipuka mvuke yanachemka. Tukiulizwa tofauti tunaongeza vivumishi: sana, kidogo, kwa nguvu. Ni umaskini wa kujitakia, kwa kuwa nje ya darasa lugha ina maneno mengi. Maji hutokota yakiwa na moto wa taratibu; uji hufoka ukipanda na kumwagika; mafuta hutatarika yakidondokewa na maji; chungu hububujika. Kila neno kati ya haya lina sauti yake, mwendo wake na kiasi chake cha moto. Kamusi zetu zinayo, lakini huyafafanua kwa kurejeshana: tokota ni chemka, na chemka ni tokota. Mpishi hawezi kukubaliana na kamusi ya namna hiyo.

Lakini kwa mada yetu vitenzi vya kuchemka si muhimu kama vitenzi vya kukutana. Swali la wanasayansi ni hili: kimiminika kinapokuwa juu ya uso wenye joto kali, je, vinagusana? Jibu la zamani lilikuwa kwamba havigusani hata kidogo, utando wa mvuke umevitenga kabisa. Jibu la siku hizi ni gumu zaidi. Vipimo vya umeme, na picha za kasi kubwa zinazopigwa kutokea chini ya uso angavu uliopashwa moto, vimeonyesha kwamba hata pale utando unapoonekana kuwa kamili, vilele vidogo vya maji huchungulia na kukifikia kigumu kwa muda wa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha hurushwa nyuma. Kwa hiyo kuna mguso, lakini mguso usiodumu na usioenea. Ubishi uliopo ni juu ya kiwango cha joto ambapo mguso huo wa kupita hugeuka kuwa mguso wa kudumu.

Kwa Kiingereza jambo hili la pili huelezwa kwa neno lenye maana ya kulowesha. Mfasiri wa haraka atatuletea kulowa au kulowanisha. Siliafiki. Katika matumizi ya wengi wetu, kulowa ni kwa kitu kinachonyonya: nguo hulowa, udongo hulowa, mkate hulowa kwenye chai. Chuma hakinyonyi. Ukisema karai limelowa, msikilizaji ataelewa kwamba lina maji, lakini hataona picha ya maji kutandaa na kung'ang'ania, ambayo ndiyo kiini cha dhana.

Sasa tazama shika. Tunasema rangi imeshika ukutani, saruji imeshika, gundi imeshika, moto umeshika kuni, mche uliohamishwa umeshika. Katika mifano hii yote kuna vitu viwili vilivyokuwa vimekutana kwa muda bila ya kuwa na uhusiano, kisha kukatokea badiliko, na baada ya badiliko hilo kimoja hakiachani na kingine, tena athari yake inaonekana. Rangi mbichi juu ya ukuta wenye vumbi inagusa ukuta, haijashika. Kuni mbichi zinaguswa na moto kwa nusu saa nzima kabla moto haujashika. Gusa hutaja kukutana. Shika hutaja kukutana kuliko na matokeo na kunakodumu. Mama mkubwa hakubuni chochote aliposema kwamba maji yanagusa lakini hayajashika. Alitumia upambanuzi ulio tayari katika lugha, akauhamishia penye haja. Upambanuzi huo unatoshea kabisa swali la kitaalamu nililolitaja hapo juu. Ningeweza hata kusema kwamba unatoshea kuliko maneno ya Kiingereza, ambamo mtaalamu hana budi kuongeza maelezo marefu ili kutofautisha mguso wa kupita na ule wa kudumu, lakini sitaki kuonekana mshabiki.

Ugumu unaanza tunapotaka nomino. Istilahi hupenda nomino, na hapa kitenzi shika kimetuponyoka, kwa kuwa nomino zake nyingi zimekwisha kuchukuliwa. Mshikamano ni wa wanasiasa na vyama vya wafanyakazi. Kishikio ni cha mlango na cha kikombe. Mshikaji ni rafiki, katika lugha ya vijana, na ushikaji ni urafiki wao. Mshiko ni fedha. Mwanafunzi akiambiwa kwamba tone la maji limepata mshiko, darasa zima litacheka na kipindi kitakuwa kimekwisha. Pendekezo langu ni kuachana na tamaa ya nomino hizo na kukitumia kitenzi-jina, kama tunavyofanya katika kiwango cha kuchemka na kiwango cha kuganda. Tuseme halijoto ya kushika, yaani ile ambayo chini yake maji huweza kushika uso. Tuseme kushika upya pale uso uliokuwa umetengwa na mvuke unaporudiwa na maji. Hakuna atakayefikiria fedha. (Wanaopendelea jotoridi badala ya halijoto wanisamehe. Mgogoro huo ni mkongwe, nami nimechoka nao. Wanafunzi wanastahili kupewa neno moja, na kwangu lolote kati ya hayo mawili lingefaa mradi lichaguliwe.)

Kwa hatua nyingine za mchemko sina pingamizi na uundaji wa kawaida. Mchemko wa viputo na mchemko wa utando ni istilahi zinazojieleza, na ile hali ya katikati, isiyotulia, yaweza kuitwa mchemko wa mpito.

Pingamizi

Najua nitaambiwa kwamba mambo haya yamekwisha kufanyiwa kazi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967 na limetoa orodha nyingi za istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Siwadharau waliofanya kazi hiyo. Mimi mwenyewe nimefundisha nikiwa na kamusi hiyo mkononi. Kanuni walizozifuata zinajulikana: neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha kwingineko. Kanuni ni nzuri. Malalamiko yangu ni kuhusu maana ya kutafuta. Mara nyingi kutafuta kumemaanisha kufungua kamusi nyingine, na mara chache kumemaanisha kwenda mahali ambapo kitu chenyewe hutendeka na kusikiliza kinavyosemwa. Kamusi ingekuambia kwamba shika ni kukamata kwa mkono. Isingekupeleka kwenye karai.

Nachingwea ina kumbukumbu chungu ya wataalamu wasiouliza. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliichagua sehemu hii kuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yalikuja, bandari na reli vikajengwa kutokea Mtwara, fedha nyingi zikazama, na karanga hazikuonekana. Silinganishi orodha ya istilahi na hasara ile. Nasema tu kwamba wenyeji wa Nachingwea wamewahi kuona mpango mkubwa ukipita juu ya maarifa yao bila kuyagusa, sembuse kuyashika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Fizikia katika sekondari zetu nyingi ingali ikifundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sasa, atauliza mtu, istilahi za mchemko wa utando zina faida gani kwa mwanafunzi atakayeulizwa kwa Kiingereza katika mtihani? Mwenye kuuliza hivi hana nia mbaya. Lakini huyo hudhani kwamba istilahi ni mavazi ya kwendea mtihani. Istilahi ni jicho kwanza. Mwanafunzi asiye na neno la kutofautisha kugusa na kushika huliona tone likicheza, huliita maji yanayochemka, na hupita. Mwenye neno hilo huuliza: kwa nini hayajashika?

Tunao mfano wa kitaifa wa mwanafunzi aliyeuliza. Erasto Mpemba, akiwa shule ya sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona katika kutengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Alidhihakiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo yamelifanya jina la Mpemba lijulikane duniani kote. Wanasayansi hawajakubaliana mpaka leo kuhusu sababu zake, wala kuhusu lini hasa hutokea. Jambo la karai ni ndugu yake: la moto zaidi hupoa polepole zaidi, kinyume na matarajio. Tofauti ni kwamba Mpemba alikuwa na ujasiri wa kuuliza mbele ya kicheko. Wengi hawana, na kuwalazimisha waulize kwa lugha wasiyoimudu ni kuwaongezea kicheko.

Kosa langu

Nilisema mwanzoni kwamba niliwahi kulifundisha jambo hili vibaya. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari huko Kusini, kabla sijaingia katika taaluma ya lugha. Siku hiyo nilieleza kuchemka kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa, nikachora birika ubaoni, nikaandika nyuzi 100. Nikatoa kanuni kwamba uso ukiwa wa moto zaidi, maji huchemka upesi zaidi. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, aliyetoka katika kaya ya wachoma korosho, alinyosha mkono. Alianza kwa Kiingereza, akakwama katika neno la pili, akaomba aseme kwa Kiswahili. Nilimkatalia, kwa kuwa kulikuwa na kibao cha adhabu kilichovishwa shingoni mwa wanaosema Kiswahili, nami sikutaka akivae. Niliona nimemhurumia. Alikaa chini.

Baada ya kipindi nilimwita na kumuuliza alitaka kusema nini. Akanijibu kwa heshima, macho yakiwa chini: "Mwalimu, nilitaka kusema kwamba kwenye karai si hivyo." Nami, niliyelelewa nusu ya likizo zangu mbele ya karai la Nambambo, nilikuwa nimesahau. Kanuni ya ubaoni ilikuwa imekaa upande mmoja wa kichwa changu, kwa Kiingereza, na karai upande mwingine, kwa Kiswahili, na kati yake palikuwa na utando. Msichana yule alikuwa ameuona ukweli ambao Nukiyama aliupima, na mwalimu wake alimnyamazisha kwa kanuni isiyo sahihi. Hakunyosha mkono tena katika somo langu mwaka ule.

Si darasani tu. Mwaka uleule kijana mmoja jirani yetu aliungua uso na kifua kwa mvuke wa karai. Alikuwa amemwaga maji mara mbili, akaona hayafanyi kitu, akadhani chuma kimekwisha kupoa, akainama kukusanya korosho huku akimwaga mara ya tatu. Hapo ndipo yaliposhika. Alipona, ingawa makovu yalibaki. Onyo la mama mkubwa lingemsaidia, na somo langu, kama lingefundishwa sawasawa, lingemsaidia pia. Hakuwa amesikia lolote kati ya hayo mawili.

Ombi kwa wasomaji

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba kamati yoyote itakayozirudia istilahi za fizikia ya joto isianzie mezani. Iende kwa wachoma korosho wa Nachingwea na Ruangwa, kwa wahunzi wanaozamisha majembe mekundu majini na kusikiliza yanavyolia, kwa wapika chapati wanaojaribia kikaango kwa tone la maji, na kwa wanaopika chumvi pwani. Hao hawajui kilele cha Nukiyama kwa jina. Wanaijua kazi yake kwa masikio na kwa vidole vilivyoungua, na wana maneno yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Nambambo kumsalimia mama mkubwa, ambaye sasa ni mzee na hachomi tena. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kula, nilimsomea istilahi zangu. Halijoto ya kushika aliikubali kwa kichwa. Mchemko wa utando aliuona mzito lakini hakuukataa. Nilipofika kwenye ile nukta yenyewe, ule muda mfupi utando unapopasuka na maji kutandaa, nilimweleza kwamba nimeuita mpasuko wa utando. Alitikisa kichwa. Utando nani ameuona, aliuliza. Mchomaji haoni utando, anaona karai. Sasa ninyi mwasemaje, mama? Akasema wao husema karai limekubali.

Sijaamua bado. Limekubali ni neno zuri, na linaiweka sababu pale inapostahili, yaani kwenye uso wa chuma na wala si kwenye maji. Lakini nataka kujua kama ni neno la kaya moja au la wachomaji wengi. Wasomaji walioko Ruangwa, Liwale, Masasi, Newala na Tandahimba, au wenye jamaa huko, nawaomba wamwandikie mhariri wa jarida hili na kueleza kwao husemwaje karai linapoanza kulia.